Nimemaliza kuskani madesa yangu

Jana usiku nimemaliza kuskani kaunta buku ya sita, ndo ya mwisho hiyo, kwa hiyo madesa yangu yote ya chuo, diskriti, linia aljebra, data strakcha mpaka algorithimu, yapo tayari na anayeyataka achukue tu, hakuna kulipia.

Naomba muangalie maandishi ya penseli pembeni. Darasani tulikuwa tunakopi Kingereza kama kilivyo ubaoni, nikirudi geto naanza upya kwa Kiswahili, najielezea mwenyewe. Nilitaka kuyafuta kabla ya kuskani ili kurasa ziwe safi, nikaacha, maana humo kwenye penseli ndo nilimoelewa.

Mfano GCD, yaani namba kubwa kuliko zote inayozigawa namba mbili bila kubaki kitu. Wiki mbili nzima nakariri algorithimu ya Euclid, zile hatua za kuitafuta, maswali napata yote, ila ukiniuliza kwa nini inakubali sina jibu. Siku moja nikaandika pembeni "si hii ni KKS?" Kigawo kikubwa cha shirika, kile kile cha shule ya msingi tulichokuwa tunakitafuta kwa namba tasa! Nilifurahi mpaka nikamuamsha rumu meti.

Chukua 252 na 105. 105 inaingia mara mbili kwenye 252 inabaki 42, 42 inaingia mara mbili kwenye 105 inabaki 21, 21 inaingia kwenye 42 haibaki kitu, basi jibu ni 21. Sasa kwa nini? 42 ni 252 ukitoa 105 mara mbili, kwa hiyo namba yoyote inayozigawa 252 na 105 lazima iigawe 42 pia, na ukirudi nyuma ni hivyo hivyo, inayozigawa 105 na 42 lazima iigawe 252 pia, ndo maana unaiacha 252 unaendelea na namba ndogo na hakuna kigawo cha shirika kinachopotea. Ile njia ya namba tasa inafaa kwa namba ndogo, ila ukipewa namba mbili zenye tarakimu mia sita kila moja, kompyuta itahangaika miaka kuzitafutia namba tasa wakati hii ya Euclid inamaliza fasta kabla hujapepesa jicho.

Bainari sechi, ile ya kutafuta kwa kuangalia katikati, nayo nimeandika hivyo hivyo, majina milioni moja yaliyopangwa kwa alfabeti unalipata unalolitaka kwa kuangalia mara zisizozidi 20 tu, kwa sababu kila ukiangalia unatupa nusu, na 2 ukiizidisha yenyewe mara 20 unapata 1,048,576.

Kwenye grafu, zile nukta zilizounganishwa kwa mistari, kuna pruufu (uthibitisho) mbili nilikosea, nimezizungushia nyekundu, zilizo sahihi zipo ukurasa unaofuata. Kama na wewe una kaunta buku zenye penseli pembeni, hasa za probabiliti, nitumie, zangu za probabiliti ni za ubaoni tupu.