Spika Isiyo na Boksi

Kariakoo ukiomba spika ya inchi 12 yenye sumaku ndogo, muuzaji anakuonea huruma. Yule niliyemwendea mwaka 2016 alipanda stuli, akanishushia moja ambayo ilibidi aibebe kwa mikono miwili, akasema hiyo ndiyo yenye kazi. Nikamwonyesha zile za bei ya chini zilizokuwa zimerundikwa karibu na mlango. Nipe mbili. Hakunibishia, aliona mfuko umetoboka.

Mfuko ulikuwa umetoboka kweli, lakini sababu haikuwa hiyo. Sumaku kubwa huidhibiti sana koni, ile sehemu ya spika inayosukuma hewa, na spika ya namna hiyo hufaa ndani ya boksi, ambamo hewa iliyofungiwa huisaidia kusimamisha besi. Mimi sikutaka boksi. Nilitaka ubao mmoja uliosimama wima, spika imefungwa katikati, nyuma wazi kabisa. Kwenye ubao kama huo, spika iliyodhibitiwa mno hupoteza besi mapema. Inayofaa ni ile iliyo legevu kidogo, ambayo Qts yake, yaani kipimo cha ulegevu huo, iko karibu na 0.7 au zaidi, na hizo nyingi ni za bei poa.

Aliyenitia wazimu huu ni Siegfried Linkwitz, mhandisi Mjerumani aliyefanya kazi miaka mingi katika kampuni ya Hewlett-Packard kule California. Wakati huo alikuwa bado hai. Alifariki mwaka 2018. Nilikuwa nimesoma maelezo yake kuhusu spika za ubao wazi usiku kucha, huku jirani yangu wa Temeke akinigongea ukuta kwa sababu ya sabufa. Ubao wazi una tabia moja iliyonivutia kuliko zote: koni ikisukuma hewa mbele, kwa nyuma inaivuta, na sauti hizo mbili zikikutana ubavuni zinafutana. Mbele kuna muziki, nyuma kuna muziki, ubavuni ni kama hakuna kitu. Ukuta wa jirani ulikuwa ubavuni.

Halafu kulikuwa na muziki wenyewe. Nasikiliza dansi la zamani, la miaka ya 70, ambalo gitaa la besi halingurumi tu bali linajibizana na waimbaji. Kwenye sabufa yangu lilisikika kama mtu anayeongea akiwa ndani ya pipa.

Basi nikaenda Keko kwa mzee mmoja fundi wa vitanda na makabati. Nikamwamkia, akaitikia, nikamkunjulia mchoro wangu. Plaiwudi ya milimita 18, kimo mita 1 na sentimita 10, upana sentimita 60, tundu moja la duara.

Aliugeuza mchoro. "Boksi lake liko wapi?"

"Halina boksi, mzee."

"Kwa hiyo mlango." Akamwita kijana wake aje aone mlango wenye tundu.

Alilikata tundu vizuri sana, hilo namsifu, duara safi lisilo na jino hata moja. Tukaifunga spika kwa skrubu nane, tukaunganisha amplifaya, nikacheza wimbo. Magitaa yalitoka yakiwa huru kiasi kwamba kijana alizunguka nyuma kuangalia kama kuna spika nyingine. Kisha besi ikashuka kwenye noti fulani na ubao wote ukaanza kuimba peke yake. Mzee aliweka kiganja juu ya plaiwudi, akakiondoa.

"Huu unahema," akasema.

Nguvu ileile inayoisukuma koni mbele ndiyo inayoisukuma sumaku nyuma. Sumaku imeshikana na fremu ya chuma, fremu imekazwa kwenye ubao, kwa hiyo kila pigo la besi ni pigo kwa ubao. Boksi lina kuta sita zinazoshikana. Ubao wangu ulikuwa na miguu tu. Na eneo la ubao ni kubwa kuliko koni mara nyingi, hivyo hata ukitikisika kidogo usioonekana kwa macho, unatoa sauti yake, tena inachelewa kunyamaza.

Nilikuwa na programu ya simu inayotoa mlio wa noti moja. Tukaulaza ubao juu ya meza mbili, spika ikitazama juu, nikapandisha mlio polepole. Karibu na Hz 140, yaani mitikisiko 140 kwa sekunde, mchanga tuliounyunyizia ulianza kukimbia. Uliondoka katikati na kujipanga mistari, kwa sababu mchanga hutulia pale ambapo ubao hautikisiki. Mwanafizikia Ernst Chladni alionyesha jambo hili Ujerumani mwaka 1787 kwa kusugua sahani za chuma kwa upinde wa fidla. Lakini karakana ya seremala ina kitu kingine zaidi ya mchanga: vumbi la msasa. Vumbi hilo laini lilifanya kinyume, likajikusanya vichuguu vidogo palepale mchanga ulipokimbia. Kijana akasema pana jini. Mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday aliueleza ujini huo mwaka 1831: hewa inayozunguka juu ya ubao unaotikisika hubeba vumbi jepesi na kulileta penye mtikisiko mkubwa, ila mchanga ni mzito, haubebeki.

Mzee hakujali Faraday. Alichukua penseli kutoka sikioni akachora msalaba kwenye kila kichuguu. "Hapa panataka mti."

Nilitaka aongeze unene wa ubao. Alikataa, akaleta vipande vya mninga vya upana wa sentimita 5, akavibandika nyuma vikiwa vimesimama ubavu. Ubao ukiulaza unapinda, ukiusimamisha unabeba. Kila anayepaua nyumba anajua hivyo, na hesabu inamuunga mkono, maana kina cha mti kikiongezeka mara mbili ugumu wake unaongezeka mara nane. Akaviweka mshazari, si katikati, ili ubao usigawanyike vipande vinavyolingana na kuimba noti moja. Hilo nalo alilijua bila mimi. Kisha akaongeza mabawa mawili ubavuni, ya sentimita 25, ambayo yalikaza kingo na pia kuirefushia njia sauti ya nyuma kabla haijafika mbele kuifuta besi. Bila hivyo, kadiri noti inavyoshuka unaanza mapema zaidi kupoteza desibeli 6 za sauti kwa kila oktava, yaani kila mitikisiko inapopungua nusu, na sikuwa na amplifaya ya kulipa deni hilo.

Jambo pekee tulilogombana ni utando. Nilitaka tubandike mbao mbili nyembamba zenye gundi laini katikati, isiyokauka ikawa ngumu, ili mtikisiko ujisugue humo uishie kuwa joto. "Gundi isiyokauka si gundi," alisema, na mjadala ukafungwa. Bado naamini nilikuwa na haki.

Kilichomaliza kazi ni nguzo. Nyuma ya kila ubao tulisimamisha gogo la mninga kwenye kitako chake kizito, tukalichonga mahali pa kulalia sumaku, tukazungushia mpira wa tyubu ya baiskeli na kukaza. Fremu ya spika haikukazwa tena kwenye plaiwudi. Iligusa sponji tu. Pigo sasa lilikwenda kwenye gogo. Mzee aliweka tena kiganja wakati wimbo ukicheza, akakiacha muda mrefu, akahamia chini, akahamia kwenye bawa.

"Umelala," akasema.

Lakini kulikuwa na mlio mwingine bado, mwembamba, kila besi ilipofika noti moja ya chini. Nikakaza tena mipira. Kijana akalala chini kusikiliza kitako. Mzee alitembea mbali na spika, akasimama mbele ya kabati la vyombo lililokuwa limekamilika likimsubiri mteja, akabonyeza kioo cha mlango kwa kidole. Mlio ukakatika. Akakunja kipande cha karatasi, akakichomeka kwenye upenyo wa kioo, akahamia mlango wa pili na kuubonyeza.

Nilipoinama kuzima amplifaya alinizuia kwa mkono. "Acha hivyohivyo. Ongeza. Mteja anakuja saa kumi, na yale makabati mengine sijayapima."