Tanga limepata mlingoti wake

Jamani, tanga langu la ubao wa kuteleza majini kwa upepo (windsurf) limepata mlingoti unaolifaa! Leo mchana hapa Dunga, Kisumu, upepo wa ziwa ulipoanza kuvuma nimefurahi mno.

Urefu si kazi, umeandikwa kwenye tanga lenyewe. Langu linataka sentimita 448: mlingoti wa 430, na kipande cha chini cha kuongezea 18. Shughuli ni mpindo. Milingoti miwili ya urefu na ugumu sawa inaweza kupinda tofauti kabisa, mmoja ukalegea zaidi kileleni. Ule wa kuazima uliacha mikunjo mirefu tanganini hata nikivuta kamba mpaka vidole viume. Huu mpya, nikikaza, ukingo wa juu unalegea vizuri na upepo mkali unapita.

Mwenye mlingoti wa 400 wa kuuza Kisumu, nitumie picha ya maandishi yaliyo kwenye mlingoti wenyewe.