Begonia za uani: kumbe ni chumvi

Jani jipya limefunguka leo asubuhi, kingo zake nzima. Nimelitazama mpaka chai ikapoa. Tangu Desemba sijapata jani la Begonia rex lililomaliza wiki mbili bila kuungua.

Mwenendo ulikuwa ule ule. Jani linatoka zuri, fedha na zambarau, kisha ncha inageuka kahawia, kahawia inatambaa ukingoni, na wiki ya pili limekauka kama manda ya sambusa iliyosahauliwa juani. Nikalaumu joto la kaskazi, nikasogeza vyungu chini ya ngazi. Wapi! Nikalaumu ukavu, nikanunua chupa ya kupulizia. Hizo chupa, kwa hewa yetu ya Mombasa, ni pesa zilizotupwa: jani linalala limelowa, linaamka na madoa ya kuoza. Kata ya kifuu yatosha. Mimina pembeni, jani lisiguswe.

Kilichonizindua ni ukoko mweupe mdomoni mwa chungu. Niliukwangua kwa ukucha, nikaulamba. Chumvi tupu. Maji ya kisima chetu ni ya kufulia tu, nalijua hilo, ila mwarobaini wa uani unayanywa miaka yote na haujalalamika. Nikahamia maji matamu ya mkokoteni. Mwezi mzima, na kingo bado zinaungua!

Basi nikamwendea mzee msokota kamba, aliyenipa usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi, niliochanganya na udongo.

"Babu, makumbi haya uliyaloweka wapi?"

"Pwani, mwanangu, wapi tena? Yamefukiwa huko miezi."

Nilitamani kucheka na kulia. Mimi mwenyewe ndiye niliyeipanda ile mizizi baharini.

Nikang'oa zote tatu. Usumba nikauloweka kwenye beseni, maji nikayabadilisha mara sita, kila mara nayaonja mpaka ladha ikaisha. Vyungu vya udongo pia nikavichovya, maana navyo vilikuwa vimeinywa ile chumvi. Na kwa kuwa masika bado, sasa natega ndoo chini ya kiyoyozi cha jirani: yale matone ni unyevu wa hewa tu, chumvi haimo. Kufika magharibi ndoo imejaa, na jirani amefurahi ukuta wake haulowi tena.

Wiki hii ilikuwa ya kukata majani, niyachanje mishipa na kuyalaza mchangani yatoe miche. Sikukata hata moja. Nimeshikwa na wazo la utambi: kipande cha leso, ncha moja kwenye kopo la maji, nyingine ndani ya chungu kupitia tundu la chini. Cha leso kuukuu kimevuta usiku ule ule. Cha leso mpya kimebaki kikavu kwa ule wanga wa dukani, ikabidi nikichemshe kwanza.

Mama hajaiulizia bado.