Swali Dadisi Likae Wazi: Kivuli cha Adhuhuri na Darasa la Gredi ya 5

Kila andalio la somo siku hizi lina nafasi ya swali dadisi, yaani swali la kuwafanya watoto wachunguze jambo wenyewe. Mwalimu analisoma, mikono miwili ya mbele inainuka, mmoja anajibu, mwalimu anasema "vizuri sana", na somo linaendelea vilevile lilivyokuwa likiendelea kabla ya mtaala wa umilisi (CBC) wa Kenya kuingia Gredi ya 1 hadi ya 3 mwaka wa 2019. Kwa maoni yangu hapo ndipo udadisi unapofia katika shule nyingi za Nairobi. Tunalaumu ukosefu wa maabara na wingi wa watoto, kumbe swali lenyewe halikupewa hata dakika moja ya kuishi.

Mtafiti Mmarekani Mary Budd Rowe alichunguza jambo hili katika miaka ya 1970. Aliona kwamba walimu wengi husubiri kama sekunde moja tu baada ya kuuliza. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, watoto waliozoea kunyamaza wakaanza kusema, na maswali ya wanafunzi wenyewe yakaongezeka. Sekunde tatu katika darasa la watoto sitini ni kimya kirefu, na mara nyingi huvunjwa na mtoto yuleyule wa kila siku. Kwa hiyo usiruhusu mikono kwanza. Kila mtoto aandike utabiri wake daftarini, kwa kalamu, pamoja na sababu ya mstari mmoja. Asiyejua aandike anachokisia. Ukishafanya hivyo, darasa zima limeingia kwenye swali na hakuna anayeweza kusema baadaye kwamba alijua tangu mwanzo.

Baada ya hapo wanahitaji kitu cha kupima. Swali ninalolipenda kuliko mengine yote kwa Gredi ya 5 na ya 6 ni hili: hapa Nairobi, kivuli huwa kifupi kabisa saa ngapi? Karibu kila mtoto ataandika saa 6:00 mchana, na walimu wengi pia. Jibu hilo si sahihi hata siku moja ya mwaka. Katika jiji hili kivuli hufikia ufupi wake kati ya saa 6:16, mwanzoni mwa Novemba, na saa 6:47, katikati ya Februari. Swali zuri la uchunguzi ndilo hilo: kila mtu anadhani ana jibu, na rula ya shilingi chache inaweza kuliangusha.

Tafuta kipande cha plaiwudi cha sentimita 60 kwa 60. Chora mistari miwili kutoka kona hadi kona ili upate katikati. Kata mpini wa ufagio, uchonge ncha moja kama penseli, kisha uukaze kwa skurubu kutoka chini ya ubao ili ncha iwe sentimita 50 juu yake. Mwambie fundi yeyote wa mbao wa mtaani, ni kazi ya muda mfupi. Watu wengi hupenda kuchomeka fimbo ndani ya kopo la rangi lililojaa mawe. Kopo lina tatizo: kivuli kinapokuwa kifupi huangukia mdomo wa kopo, kwa hiyo saa ileile unayoitafuta ndiyo inayofichwa.

Weka ubao uwanjani, mbali na majengo, ukuta wa mabati na geti la chuma, kwa sababu chuma huvuruga dira ya simu. Elekeza upande mmoja wa ubao kaskazini, uandike K. Kisha usawazishe. Kama hakuna pimamaji, laza chupa angavu ya nusu lita iliyojazwa maji karibu yote, utazame kiputo cha hewa kilipo. Simamia timazi kando ya fimbo: nati moja iliyofungwa kwenye uzi inatosha. Hatua hii isirukwe. Fimbo ikiinama digrii moja tu, ncha yake inahama karibu sentimita 1, na mwezi wa Machi sentimita 1 ni kosa kubwa.

Siku bora ni tarehe 17 Machi au karibu nayo. Nairobi iko kama digrii 1.3 kusini mwa Ikweta, hivyo jua hupita juu ya utosi siku chache kabla ya usawa wa Machi (siku ambayo mchana na usiku hukaribia kulingana) na siku chache baada ya ule wa Septemba, yaani karibu tarehe 17 Machi na 26 Septemba. Zote mbili ni siku za masomo. Tarehe ikiangukia wikendi, sogeza siku mbili bila wasiwasi.

Gawa darasa makundi manane. Pimeni kuanzia saa 6:00 hadi saa 7:10, kila baada ya dakika kumi. Hivyo ni vipimo vinane, kila kundi na zamu yake. Wengine wachore grafu kipimo kinapoingia, na kabla ya kila kipimo waseme kama kitapanda au kitashuka. Kaa na mwalimu wa zamu mapema ili watoto wasikose chakula. Katika shule za Dishi na County, mpango wa kaunti wa chakula cha mchana shuleni, kundi lililomaliza zamu yake liende foleni na lirudi. Kofia ni muhimu, maji ya kunywa pia, na onyo lirudiwe: hakuna anayelitazama jua lenyewe.

Mambo yakienda sawa mwezi wa Machi, saa 6:00 kivuli kina sentimita 9 hivi na kimeelekea magharibi. Kinapungua kwa kasi ambayo watoto wanaiona kwa macho. Karibu saa 6:40 kinajificha chini ya mpini. Andikeni "chini ya sentimita 1", msibuni namba. Halafu kinatokeza upande wa mashariki, na kufikia saa 7:10 kina zaidi ya sentimita 6. Huo mruko wa kutoka upande mmoja hadi mwingine ndio unaofanya watoto wapige kelele, na kelele hiyo ina thamani. Iache.

Vipimo havitakuwa safi. Kuna kundi litakalopima kutoka ukingo wa rula badala ya alama ya sifuri, maana rula nyingi za plastiki zina nafasi ndogo kabla ya sifuri. Kundi jingine litapima kutoka upande wa mpini badala ya katikati. Tena ukingo wa kivuli haukatiki kama wembe: jua ni duara na si nukta, hivyo kwa fimbo ya sentimita 50 mpaka wa kivuli hufifia kwa karibu nusu sentimita. Darasa lenyewe likubaliane mapema kama litapima mwisho wa giza au mwisho wa ukungu. Nukta moja ikikaa mbali na nyingine kwenye grafu, usiifute. Uliza kundi hilo lionyeshe lilivyopima. Nusu saa ya mazungumzo kuhusu nukta iliyokaa vibaya inafundisha fikra tunduizi kuliko ukurasa mzima wa maelezo ubaoni.

Kisha subiri tena. Siku hiyohiyo usieleze kwa nini kivuli kimekuwa kifupi kabisa saa 6:41 na si saa 6:00. Waulize: nani nyumbani au mtaani anaweza kujua hili? Ukiwa na watoto Waislamu darasani, na Nairobi wapo wengi, mmoja atakumbuka kalenda ya msikitini. Wakati wa adhuhuri huingia jua likishapita kilele chake, kwa hiyo kalenda ya swala ya jiji hili ina jibu la kila siku ya mwaka. Mtoto ailete, darasa lilinganishe na grafu. Hapo maarifa ya nyumbani yameingia kwenye Sayansi na Teknolojia kwa heshima yake kamili, na aliyeyaleta si mwalimu.

Maelezo yaje siku ya tatu au ya nne. Saa ya Afrika Mashariki hufuata longitudo ya digrii 45 Mashariki, inayopita karibu na Mogadishu. Haigusi ardhi ya Kenya kabisa. Nairobi iko karibu digrii 36.8. Kila digrii ni dakika 4, na tofauti ya digrii 8.2 inatoa kama dakika 33. Katikati ya Machi jua huchelewa dakika 8 zaidi, na ndiyo hiyo saa 6:41. Mtoto mwenye jamaa Mombasa aombe apimiwe huko siku hiyohiyo: kule kivuli hufikia ufupi wake kama dakika 11 mapema. Kisumu ni dakika 8 baadaye.

Rudieni mwezi wa Juni, lakini kwa swali jingine. Mwezi huo jua la mchana liko kaskazini, kivuli cha fimbo yetu ni sentimita 23 na kimeelekea kusini. Wakati huo haufai kutafuta saa: kati ya saa 6:00 na saa 6:35 kivuli hupungua sentimita moja na nusu tu, na makosa ya kupima yanaimeza tofauti hiyo. Unafaa kutafuta mwelekeo, kwa sababu mwanzoni mwa Februari kivuli cha mchana huelekea kaskazini. Ila msiahirishe hadi Julai. Mawingu ya msimu wa baridi hukaa juu ya jiji kutwa, na darasa likitolewa nje mara mbili bila kuona kivuli linapoteza imani.

Maswali ya watoto wenyewe yanahitaji mahali pa kukaa. Bandika karatasi ya manila karibu na mlango, kila swali liandikwe na jina na tarehe. Mabango kama haya hufa kwa sababu moja: maswali yanaongezeka na hakuna linalotoka. Tenga dakika 15 kila Ijumaa mchague moja tu la kufanyia kazi. Mengi yataanza na "kwa nini", na "kwa nini" haipimiki moja kwa moja. Msaidie mtoto aligeuze. "Kwa nini sukuma wiki hunyauka?" liwe "Sukuma iliyofunikwa kwa kitambaa chenye maji na isiyofunikwa, ipi inapoteza uzito zaidi kwa saa nne?" Mama mboga aliye nje ya geti anajua jibu, na ni vizuri aalikwe aeleze anavyonyunyiza maji na wakati gani, baada ya watoto kupima. Pimeni sukuma bila kitambaa, la sivyo mnapima maji ya kitambaa. Kwa majaribio ya kuotesha, tumieni maharagwe ya dukani ya kupikwa, si mbegu za duka la kilimo zilizopakwa rangi ya waridi au kijani. Rangi hiyo ni alama ya dawa, na watoto hawapaswi kuishika.

Wazazi wamechoka kutumwa vitu, na wana haki. Kuchapisha picha leo, kununua manila kesho, na kazi yenyewe inaishia kufanywa na mama saa nne usiku. Uchunguzi wa nyumbani usigharimu hata shilingi moja, na usihitaji mzazi ajue jibu. Katika mkutano wa wazazi waombeni jambo moja: mtoto akiuliza, mzazi arudishe kwa "tutajuaje?" kisha amsikilize. Mzazi aliyeacha shule mapema anaweza kufanya hivyo sawasawa na mhadhiri wa chuo kikuu.

Walimu nao wapime kivuli kabla ya wanafunzi, mchana mmoja, pamoja na mwalimu mkuu. Mwalimu aliyewahi kukosea utabiri mbele ya wenzake haoni aibu kumwambia mtoto "sijui, tupime". Na mwalimu mkuu akishaiona kazi hiyo ataelewa kwa nini vipindi viwili vya dakika 35 vinahitaji kuunganishwa, na kwa nini siku hiyo madaftari hayana maandishi mengi.

Katika kutathmini, usitoe alama kwa utabiri uliotimia. Angalia kama mtoto amepima kwa njia ambayo mwenzake anaweza kuirudia, na kama amebadilisha maoni yake kwa sababu ya kipimo. Anayeweza pia kueleza kosa la kundi lake huyo amezidisha matarajio. Kisha wape jaribio la kweli: grafu ya Machi ibaki ukutani, watabiri saa ya kivuli kifupi tarehe 26 Septemba. Wataandika 6:41, kwa kuwa jua litakuwa juu ya utosi tena. Watapata 6:24. Mwalimu ajue mapema kwamba sababu ni mbili, njia ya Dunia kuzunguka Jua si duara kamili na mhimili wake umeinama, lakini asizitoe. Watoto wakaanze na kalenda ya swala, waandike wakati wa adhuhuri wa tarehe moja ya kila mwezi, na wachore mwaka mzima.