Siku moja maishani mwangu: mchungaji wa wanafunzi, Dodoma

Saa 11:30 alfajiri

Ibada ya asubuhi inaanza kabla ya jua kuchomoza, kwenye ukumbi wa mihadhara tunaoazimwa mpaka saa 1. Wanaokuja wengi ni wana USCF, umoja wa wanafunzi ulio chini ya Jumuiya ya Kikristo Tanzania. Wamejifunga mitandio na majaketi maana upepo wa Dodoma mwezi wa sita unapenya mpaka mifupani. Tunaimba, tunasoma neno, tunaombea testi za wiki hii, kisha kila mtu anakimbilia darasani.

Nieleze kidogo nafasi yangu. Mimi ni mchungaji wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), nimepangwa na dayosisi kuwahudumia wanafunzi wa chuo cha umma. Posho yangu inatoka kanisani, na sioni kosa hapo. Ibara ya 19 ya Katiba ya 1977 inasema shughuli na uendeshaji wa jumuiya za dini utakuwa nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, hapa hapa mjini, wako kwenye chuo cha Kanisa Anglikana, kwa hiyo kwao mchungaji ni mtu wa nyumbani. Mimi kila asubuhi najiandikisha getini kwenye daftari la wageni. Sihitaji mshahara wa serikali. Ninachotaka ni kujulikana pale mwanafunzi anapopatwa na jambo, na leo imetokea mapema.

Saa 1:40 asubuhi

Simu inaita. Ni mchungaji wa usharika mmoja huko Iramba, mkoani Singida.

"Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji."

"Amina, Mchungaji. Habari za huko?"

"Si nzuri. Tuna msiba. Mzee wetu wa kanisa ametutoka usiku, na kijana wake yuko hapo kwako, mwaka wa pili. Mama yake anaomba mtoto asiambiwe kwa simu."

Namba yangu aliipata kwenye nakala ya barua ya utambulisho, ile ambayo kijana alikuja nayo kutoka usharikani alipoanza mwaka wa kwanza. Watu huidharau karatasi ile. Leo ndiyo iliyoniunganisha na familia.

Kuanzia hapo nashindana na simu ya kijana mwenyewe. Kila ukoo siku hizi una kundi la WhatsApp, na akitokea mmoja akaweka picha ya marehemu na maneno ya pumzika kwa amani, kijana ataujua msiba akiwa peke yake kitandani, au katikati ya mtihani. Nakwenda bwenini. Mlinzi ananiuliza mimi ni nani yake. Nasema ni mchungaji wake. Anasema wachungaji wako wengi, nisubiri msimamizi afike. Simlaumu, analinda watoto wa watu, na mimi sina cha kumwonyesha. Nampigia mwalimu wa kwaya, ambaye anajua chumba, naye anamtoa nje kwa kisingizio cha ratiba ya mazoezi.

Tunakaa chini ya mwarobaini. Alivyoniona tu alijua.

"Shikamoo Mchungaji. Ni baba au ni mama?"

"Marahaba, mwanangu. Ni baba."

Hakulia mara moja. Aliuliza kama mama ana mtu wa kukaa naye, kisha akauliza habari ya testi ya saa 4. Wanafunzi wengi huuliza hivyo, na watu wazima hushangaa. Mimi sishangai. Baba aliyeuza alizeti kumsomesha hangetaka mtoto akose testi, na kijana anajua. Nilimjibu testi ni kazi yangu, yeye akafungashe. Ndipo alipolia. Nikakaa naye, sikumwambia anyamaze.

Saa 3:30 asubuhi

Ofisini kuomba ruhusa. Fomu inataka saini ya mwalimu wa somo, mkuu wa idara na mshauri wa wanafunzi, pamoja na barua ya mtendaji wa kijiji kama uthibitisho. Mtendaji mwenyewe yuko msibani, anapanga maturubai. Natoa barua yangu yenye muhuri wa usharika. Ofisa, mama mmoja mwenye utu, anaisoma yote.

"Pole sana, Mchungaji. Mimi nakuamini, lakini fomu haina sehemu yako."

Anatuhangaikia. Anakubali picha ya barua ya mtendaji itumwe kwa simu, naye mtendaji anaiandika kwa mkono juu ya goti. Mwalimu wa somo anakubali kumpa testi nyingine akirudi. Wanakwaya wanachanga nauli na rambirambi, ingawa bumu (pesa ya mkopo ya kujikimu) la wengi liliisha siku nyingi. Saa 5 na nusu kijana yuko stendi ya Nane Nane na rafiki wa kumsindikiza hadi nyumbani.

Saa 7 mchana

Wali maharage na ustadhi anayewalea wanafunzi Waislamu. Namsimulia mambo ya asubuhi, anatikisa kichwa. Kwao marehemu huzikwa mapema iwezekanavyo, mara nyingi siku hiyo hiyo. Ruhusa ikichukua siku mbili, kijana hamziki mzazi wake. Hoja yake ina uzito kuliko yangu, na namwambia hivyo.

Saa 9 alasiri

Mazungumzo ya faragha. Mengi siyaandiki. Niseme tu kwamba yupo asiyelala usiku na anayeogopa kwenda kwa mtaalamu wa afya ya akili, kwa kuwa hapa Dodoma jina la Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, watu wamelifanya tusi. Namwambia wazi kwamba mimi si daktari, kwamba maombi na dawa havigombani, na kwamba siku ya kliniki nitakaa naye kwenye benchi. Huduma hii huwezi kuifanya kwa mbali.

Saa 12 jioni

Kwaya. Katikati ya wimbo unaingia ujumbe kutoka kwa yule rafiki: wameshuka Misigiri, huko Iramba, baba mdogo amewapokea. Nawatangazia, wanaendelea kuimba.

Saa 3 usiku

Naandika barua kwa ofisi ya mshauri wa wanafunzi, kwa majina mawili, langu na la ustadhi. Tunaomba fomu ya ruhusa iongezewe mstari wa kiongozi wa dini anayethibitisha msiba, huku barua ya mtendaji ikifuata baadaye. Tunaomba vitambulisho vya kutuwezesha kufika bwenini tukiongozana na msimamizi. Tena namba zetu ziwekwe kwenye karatasi wanayopewa mwaka wa kwanza wanapofika, pamoja na za zahanati na za walinzi. Hakuna hata shilingi moja tunayoomba. Kesho ni Ijumaa na mwenzangu ana khutba ya kuandaa, kwa hiyo tumekubaliana kuipeleka saa 2, kabla foleni ya pale mlangoni haijaanza.