Mkufunzi akimzuia farasi kwa sababu ya bili

Ugomvi kati ya mwenye farasi wa mbio na mkufunzi wake unaweza kuchemka chinichini miezi mitatu, ukaja kulipuka siku lori linapofika zizini. Bili hazijalipwa, mwenye farasi amepata mkufunzi mwingine, ametuma dereva na saisi, yaani mtunza farasi, wakamchukue mnyama, na langoni wanaambiwa hatoki farasi mpaka pesa iingie. Mmoja anapiga simu polisi kwamba ameibiwa. Mwenzake anasema sheria inamruhusu kumshikilia. Polisi wakija watasema hilo ni deni, nendeni mahakamani, na farasi anabaki ndani akila.

Nani ana haki? Watu wengi wa mazizini hujibu swali hili kwa mazoea, na mazoea yao mara nyingi si sheria.

Kwa Kenya, ambako mbio hufanyika Ngong, Nairobi, chini ya Jockey Club of Kenya, jibu linaturudisha Uingereza ya karne ya 19. Kifungu cha 3 cha Sheria ya Mahakama, Sura ya 8, kinaziruhusu mahakama za Kenya kufuata kanuni za sheria zilizotokana na hukumu za Uingereza pale ambapo Bunge halijatunga sheria yake, na kinataja tarehe yenyewe: 12 Agosti 1897. Kesi zinazobeba suala hili zote ni za kabla ya siku hiyo.

Mwaka 1828, katika kesi ya Bevan dhidi ya Waters, mahakama ilikubali kwamba mkufunzi anaweza kumshikilia farasi wa mbio mpaka alipwe. Sababu yake ni ile ile ya fundi cherehani anayekataa kutoa suti ambayo hujamaliza kuilipia: ameweka ujuzi wake ndani ya mali yako, na mali imeongezeka thamani mikononi mwake. Mwaka 1839 ikaja kesi ya Jackson dhidi ya Cummins, ya mtu aliyekuwa akilisha ng'ombe wa maziwa wa mwenzake. Huyo alinyimwa haki hiyo. Kulisha na kutunza tu hakumwongezei mnyama thamani mpya, kunamweka alivyokuwa. Alibaki na deni la kudai kama mdai mwingine yeyote, bila ng'ombe wa kushikilia.

Tofauti hii ndiyo inayoamua mambo langoni. Farasi aliyekuwa akikimbizwa asubuhi, akifundishwa kutoka kwenye vizuizi vya kuanzia mbio, akiandaliwa kwa shindano, huyo amefundishwa. Farasi aliyeletwa kupumzika miezi miwili kwa sababu ya mshipa wa mguu amelishwa tu. Mkufunzi mmoja anaweza kuwa na haki ya kumshikilia wa kwanza na asiwe na haki yoyote juu ya wa pili, ingawa wamelala vyumba vinavyopakana na bili zao zimeandikwa kwenye karatasi moja.

Halafu ipo kesi ya tatu, na kwa maoni yangu ndiyo nzito kuliko zote: Forth dhidi ya Simpson, 1849. Mwenye farasi alikuwa na haki ya kumtoa farasi zizini na kumpeleka kwenye mbio anazotaka, apandwe na joki anayemtaka yeye. Mahakama ikasema mkufunzi wa namna hiyo hana haki ya kushikilia, kwa sababu farasi hakai mikononi mwake mfululizo. Leo farasi yuko kwake, kesho mwenyewe akitaka anamchukua. Haki ya kushikilia hukaa na mkono uliokamata, na mkono ukiachia, imekwenda. Mkufunzi anayekubali maneno kama "niruhusu nimpeleke shambani wiki mbili apumue" huku anadai miezi minne, amejivua silaha yake mwenyewe.

Ndiyo maana sentensi moja katika mkataba, ile inayosema nani anaamua farasi akimbie wapi na nani ampande, ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Wanaijadili kama suala la michezo. Siku ya ugomvi inageuka kuwa suala la nani anabaki na farasi.

Hata mkufunzi mwenye haki kamili ana mipaka miwili anayopaswa kuijua. Kwanza, haki ya kushikilia si haki ya kuuza. Mwaka 1878, katika kesi ya Mulliner dhidi ya Florence, mwenye nyumba ya wageni aliwauza farasi waliokuwa kwake kwa deni la mgeni. Mahakama ilisema kwa kuuza amejitwalia mali isiyo yake, na haki yake ya kuwashikilia ikafa pale pale. Mkufunzi anayetaka uwezo wa kuuza lazima awe ameupata katika maandishi: baada ya siku ngapi za deni, kwa notisi ya namna gani, na salio la bei liende kwa nani. Pili, kuna hukumu ya 1860 ya Baraza la Malodi, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, kuhusu meli iliyozuiliwa gudini, ambapo aliyeizuia alidai pesa za kila siku aliyoikalia. Alinyimwa: anayeshikilia mali kwa faida yake mwenyewe hamtozi mwenye mali gharama za kuishikilia. Hukumu za baadaye zimeipunguza makali kanuni hiyo, lakini mkufunzi asiitegemee huruma hiyo. Meli haili. Farasi anakula kila siku, anahitaji saisi, anavalishwa viatu, na gharama hizo za kipindi cha kuzuiliwa huenda zikamwangukia aliyefunga lango.

Sasa bili yenyewe, maana ugomvi mwingi huanzia hapo. Farasi wa kilo 500 hula chakula kikavu cha kilo 10 hadi 12 hivi kwa siku. Tuseme nusu ni mchanganyiko wa oti na pumba na nusu ni nyasi. Kilo 6 za nyasi kwa siku 30 ni kilo 180. Robota la nyasi za aina ya boma rhodes la kilo 12 hadi 15 linakupa marobota kati ya 12 na 15 kwa mwezi. Ongeza yanayokanyagwa na kuloa mkojo, fika 18. Bili ikiandika 30 uliza, na uliza kwa adabu, kwa sababu jibu linaweza kuwa la haki: pengine nyasi mbovu zilitandikwa chini wakati maranda yamekosekana. Viatu hubadilishwa kila wiki 4 hadi 6. Seti mbili ndani ya mwezi mmoja zinaeleweka ikiwa farasi alivuliwa vya chuma akavishwa vya aluminiamu kwa ajili ya mbio, lakini tarehe ya kiatu ilingane na tarehe ya mbio. Usafiri ndio unaochakachuliwa bila mtu kukusudia: lori moja, farasi wanne, na kila mwenye farasi ameandikiwa safari nzima.

Mgao wa zawadi nao una mtego wake. Kiwango kinachozoeleka nchi nyingi ni asilimia 10 kwa mkufunzi, lakini asilimia 10 ya nini? Zawadi yote iliyotangazwa, au kinachobaki joki akishapata chake? Uingereza mgao wa mkufunzi na joki hutolewa kabla pesa haijafika kwa mwenye farasi. Mahali penye utaratibu kama huo, mkufunzi akiuandika tena kwenye bili ya mwezi, mwenye farasi amelipa mara mbili, na hatagundua kama halinganishi karatasi ya zawadi na bili.

Mkataba mzuri hauhitaji kurasa ishirini. Uandike bei ya siku na kilicho ndani yake: chakula, saisi, maranda. Uandike kilicho nje: fundi wa kwato, daktari wa mifugo, dawa za minyoo, chanjo, usafiri, ada za kuingiza farasi mbioni. Usiisahau chanjo ya maradhi ya farasi ya Afrika. Ugonjwa huu umeota mizizi ukanda wetu, unaenezwa na visubi, na farasi asiye na kinga akiupata mara nyingi hufa. Farasi akifa kwa ugonjwa wenye chanjo, swali la nani alipaswa kumwita daktari linageuka kuwa kesi ya bei ya farasi mzima. Na hapo mzigo unamlalia mkufunzi: amekabidhiwa mali kwa malipo, hivyo yeye ndiye wa kuonyesha kwamba aliitunza ipasavyo. Daftari la zizi lenye tarehe, joto la mwili, alichokula na saa daktari alipopigiwa simu litamwokoa. Maneno ya mdomo hayatamwokoa.

Uandike pia kiwango cha pesa ambacho mkufunzi anaweza kutumia wakati wa dharura bila kuuliza. Msokoto wa tumbo hauna subira. Saa nane za usiku farasi anagaagaa, mwenyewe yuko safarini na simu haishikwi, daktari anasema bila upasuaji atakufa. Bila kifungu hiki mkufunzi atalaumiwa akiamua ndiyo na atalaumiwa akiamua hapana. Taja kiasi, taja mtu wa pili wa kupigiwa, na useme wazi nani anaweza kuruhusu farasi auawe asiteseke.

Farasi akiwa wa watu wanne, kila mmoja atie sahihi na kila sehemu iandikwe. Mkiingia mkataba kwa pamoja bila kusema kila mmoja anawajibika kwa robo yake tu, mkufunzi anaweza kumfuata yule mwenye uwezo na kumdai zima, naye ahangaike kuwatafuta wenzake.

Jambo la kununua ni chungu zaidi, kwa sababu linavunja uaminifu. Mkufunzi anakutafutia farasi. Muuzaji anataka 600,000, wewe unaambiwa 800,000, na 200,000 zinapotelea katikati. Anayenunua kwa niaba yako ni wakala wako, na faida yoyote ya siri aliyoipata ni yako, hata kama farasi anastahili hizo 800,000. Kentucky, kwenye moyo wa biashara ya farasi Marekani, ilitunga sheria mwaka 2006: malipo yanayozidi dola 500 kwa wakala lazima yafichuliwe kwa maandishi, na mtu hawezi kuwatumikia muuzaji na mnunuzi kwa pamoja bila ridhaa ya wote wawili. Huku kwetu jilinde kwa njia rahisi: lipa moja kwa moja kwenye akaunti ya muuzaji, pata hati ya mauziano yenye sahihi yake, na mkufunzi mlipe kamisheni yake kando, waziwazi. Hati hiyo itunze. Usajili wa mbio unaonyesha farasi anakimbia kwa jina la nani. Hati ndiyo inayoonyesha alinunuliwa na nani.

Na kama lango limeshafungwa? Usitume vijana usiku. Kama mkufunzi ana haki ya kushikilia, wewe ndiye utakayekuwa umekosea, na farasi aliyepakiwa gizani kwa vurugu huumia. Andika barua ya madai yenye siku 7 au 14, ukitenganisha kiasi unachokikubali na unachokipinga, kipengele kwa kipengele. Unachokikubali kilipe siku hiyo hiyo. Kilichobaki, pendekeza kiwekwe kwa wakili mpaka kiamuliwe, farasi aachiliwe. Akikataa na farasi ana mbio karibu, mara nyingi ni nafuu kulipa huku ukiandika wazi kwamba unalipa kwa kupinga, umchukue farasi, kisha udai urudishiwe. Wiki sita bila mazoezi hazirudishwi na hukumu yoyote.

Kenya, Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na inatakiwa kuamua ndani ya siku 60. Inapokea madai ya huduma, madai ya kurudishiwa mali inayohamishika, na madai ya kukinzana, yaani yale ambayo anayedaiwa naye anamdai mwenzake, kwa hiyo bili ya mkufunzi na farasi wa mwenyewe vinaweza kuamuliwa katika faili moja, mradi thamani haivuki kiwango. Unaweza kujisimamia bila wakili. Rufaa huenda Mahakama Kuu, kwa hoja za sheria tu. Farasi wa thamani kubwa zaidi anakupeleka mahakama ya hakimu, na huko omba mapema amri ya muda kuhusu nani amlishe na wapi akae kesi ikiendelea. Soma kwanza kama mkataba wenu una kifungu cha usuluhishi, maana mwenzako anaweza kuomba kesi isimamishwe kwa kifungu hicho hicho.

Jumbe za WhatsApp zinakubalika kama ushahidi, lakini mahakama za kawaida zitataka cheti chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinachoeleza simu iliyotumika na jinsi nakala zilivyotolewa. Kwa hiyo usiuze simu hiyo, usifute mazungumzo, na usikate picha ya skrini ukaacha tarehe nje.

Siku farasi anapotoka, saisi wa pande zote mbili wawepo. Piga picha ya miguu minne, mgongo, macho na meno, andika viatu alivyovaa, pokea pasipoti yake na kadi ya chanjo, kisha wote wawili wasaini kabla lori halijawashwa.