Mdiria kanitoroka

Jana nimeamka saa kumi na moja alfajiri (usiniulize nilikuwa nawaza nini) nikabeba darubini mpaka ile bustani ya katikati ya mji, na uzuri wake ukitembea kidogo tu ushapita miti mikubwa, majani marefu na bwawa lenye matete, kila sehemu na ndege wake. Mitini kigong'ota alikuwa anagonga tu, kumwona sasa! Lakini bwawani, we acha, mdiria kachomoka na samaki, akambamiza kwenye tawi mara tatu nne hivi mpaka akatulia, ndo akammeza kuanzia kichwa ili mapezi yasimkwame kooni. Natafuta simu nipige picha, jamaa wa mazoezi huyo anapita na muziki juu, mdiria huyoo kapotea.